"Alikubali shingo upande" na "alisita akakubali" ni kitu kimoja? Nimegombana na mtu mzima

Katibu Mchovu:

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali la Kiswahili lakini limekuja na ugomvi ndani yake kwahiyo mnivumilie nieleze toka mwanzo.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu, kwenye vikao kazi yangu ni kuandika muhtasari basi. Kikao kilichopita tulikuwa tunatafuta mhazini mpya maana aliyekuwepo ameomba kupumzika, na macho ya watu yote yakamwendea mama mmoja ambaye kila mtu anajua akishika daftari la hesabu hakuna namba itakayopotea. Alipotajwa jina akanyamaza. Akaangalia meza, akafungua kifuniko cha kalamu akakifunga, akafungua tena akafunga, yani kama dakika nzima hivi hakuna anayeongea, tunasikia tu kale kamlio ka kalamu. Mwisho akasema "haya, nitaifanya". Watu makofi, tukaendelea na ajenda nyingine.

Mimi nikaandika hivi: "Mjumbe alikubali shingo upande kushika nafasi ya mhazini." Nikajiona nimeandika Kiswahili cha kwenye vitabu, nikawatumia wajumbe wote.

Jioni simu ikaita. Hakuna hata salamu ya maana. "Mwanangu, nani amekwambia mimi nilikubali shingo upande?" Nikamwambia shikamoo mama, lakini si ulisita? Akasema "Marahaba. Kusita nilisita. Shingo upande sikukubali. Neno hilo litoe." Akakata.

Sasa nimebaki nashangaa. Kusita si ndo kutotaka? Na shingo upande si ndo kutotaka huko huko? Nimepekua kamusi lakini naona maelezo yanazunguka pale pale, hili linarejeshwa kwa lile. Naombeni mwenye kujua anifafanulie tofauti yake ni nini, na je mama ana haki ya kukasirika au kanionea tu?

Ndimi Mbili:

Mkuu mbona jambo dogo, yote mawili maana yake hakutaka. Mama ana hasira zake tu za siku hiyo. Futa neno yaishe, usigombane na mtu anayeenda kushika hesabu zenu.

Mzee wa Nukta:

Ndimi Mbili hapana, hapo umemwonea mama wa watu.

Kusita ni kusimama. Mtu anakwenda zake, anafika pahala miguu inagoma kidogo, anasimama. Hajarudi nyuma wala hajasonga mbele. Na neno lenyewe halikwambii lolote kuhusu mwisho wa safari, alisita akaenda, alisita akarudi, alisita mpaka gari likamwacha, zote sentensi nzuri kabisa. Ndiyo maana ukisema "alisita" halafu ukaweka nukta, anayekusikiliza lazima atauliza "ikawaje?"

Shingo upande hakuna wa kuuliza ikawaje. Jambo limeshafanyika! Hakuna mtu wa shingo upande aliyebaki nyumbani. Ameenda, ametoa, amesaini, ila hakuridhia. Mimi siku zote naionaga kama mtu anayevutwa mkono, miguu inakwenda huku na uso umegeukia kule alikokuwa anataka kubaki.

Kwahiyo tuseme kusita kunakaa kabla ya "ndiyo", na shingo upande iko ndani ya "ndiyo" yenyewe. Mama alisita dakika moja ya kalamu, akapima, akaamua, akasema nitaifanya. Kusita kwake kuliishia hapo. Wewe Katibu ulivyoandika umesema hakukuishia hapo, umesema daftari lile analibeba moyo haupo. Na ni hesabu hizi jamani! Siku namba moja ikigoma kulingana mtu atafungua muhtasari wako aseme "mnaona, toka mwanzo huyu hakutaka kazi". Mama kaona mbali, hajakuonea.

Katibu Mchovu:

Duh. Hilo la mbele ya safari sikuliwaza kabisa. Mimi nilitafuta neno tamu tu.

Mhariri wa Usiku:

Naongezea ya Mzee wa Nukta maana mimi nalishwa na haya maneno, nimekaa chumba cha habari miaka mingi nikisahihisha habari za wenzangu na hii shingo upande naifuta karibu kila wiki.

Shida yake ni kwamba ni neno la mtu aliyeona ndani ya moyo wa mwenzie. "Alisita" unaweza kuliona kwa macho, mtu kanyamaza, kaangalia meza, kacheza na kalamu, wewe mwenyewe umetusimulia na sisi tumeona. "Shingo upande" huwezi kuiona kwa macho, unahukumu. Labda mwenyewe aseme. Mwandishi akiniletea "waziri alikubali shingo upande" namuuliza alikwambia yeye? Kama hakukwambia andika alichofanya, alikaa kimya, aliahirisha mara mbili, alisaini akaondoka bila kushika mkono wa mtu, msomaji ataona mwenyewe shingo imekaaje.

Halafu angalieni linavyokaa kwenye sentensi. Linafuata kitenzi, na kitenzi chenyewe lazima kiwe cha mtu mwenye hiari yake. Alikubali shingo upande, alitoa, alipokea, aliridhia, aliondoka, alisamehe shingo upande (hii ya mwisho ndo mbaya kuliko zote, msamaha wa namna hiyo bora uache). Linakaa vilevile hata watu wawe wengi, "walikubali shingo upande", sijawahi kusikia mtu anasema "walikubali shingo zao pande". Wengine wanatanguliza "kwa", wanasema kwa shingo upande. Mimi nasikia yote mawili na sigombani na mtu, ila bila "kwa" ndo linateleza vizuri zaidi mdomoni.

Lakini kitu kisicho na hiari hakiwezi kuwa shingo upande. Kazi ya ujenzi ikienda kwa kuburuzika huwezi kusema jengo linapanda shingo upande, hapo unasema ujenzi unasuasua. Kusuasua ni neno la mwendo, halijali moyo wa mtu. Mtu anaweza kusuasua, na mradi unaweza kusuasua, na timu inaweza kusuasua kwenye ligi ingawa wachezaji wanataka kushinda mpaka wanalia.

Binti Kicheko:

Mhariri umesema lazima kitenzi kiwe cha hiari na mimi nimecheka peke yangu hapa. Juzi nimemtumia bosi ujumbe "samahani leo nitachelewa, nimeamka shingo upande". Nilimaanisha shingo imekaza, nimelala vibaya mto umenisaliti, siwezi hata kugeuka kuangalia nyuma. Akanijibu "kama hutaki kazi sema".

Yani alielewa nimeamka kwa kinyongo, sitaki kwenda kazini!!! Ikabidi nimpigie simu nimweleze kwamba ni shingo shingo, ile ya mwilini, ile inayobeba kichwa.

Mzee wa Nukta:

Binti Kicheko hahaha, kosa lako ni kuweka "kuamka". Kuamka asubuhi ya kazi nani anaamka kwa hiari? Ungesema "shingo imekaza" pangekuwa salama.

Dogo Msomi:

Samahanini wakubwa, shikamooni wote. Nina swali ndani ya swali. Mtu anaweza KUKATAA shingo upande? Maana mifano yote naona ni ya kukubali tu.

Mzee wa Nukta:

Marahaba mwanangu. Hapana. Shingo upande ni ya kukubali au kutenda. Aliyekataa amekataa, shingo yake imenyooka kabisa, amepata alichotaka. Sikio langu halilipokei "alikataa shingo upande" hata kidogo.

Mhariri wa Usiku:

Mzee hapo tutapishana. Chukua mfano, mtu amepata nafasi ya masomo mbali, nafasi aliyoililia miaka, na wiki hiyo hiyo mzazi wake anaugua na nyumbani hakuna mwingine wa kumuuguza. Anakaa usiku anaandika barua ya kuikataa ile nafasi. Anaandika, anachana, anaandika tena, asubuhi anaituma. Huyu amekataa kwa moyo mkunjufu? Hapana. Amelazimishwa na mtu? Hapana. Amekataa shingo upande. Kukataa nako ni kutenda, na kitendo chochote ambacho mkono umefanya na moyo haukufuata basi shingo upande inakaa.

Kinacholifanya lisikike geni ni kwamba mara nyingi tunakataa tusichokitaka, kwahiyo sikio halijazoea. Ila kosa halipo.

Mzee wa Nukta:

Nimeisoma mara tatu nikitafuta pa kukukamatia sijapaona. Haya nakubali, na Katibu naomba uandike kwenye muhtasari kwamba nimekubali shingo upande, mimi nimekuruhusu.

Katibu Mchovu:

Imeandikwa mzee wangu 😂

Mwalimu Chaki:

Uzi mzuri huu. Mimi nafundisha Kiswahili na nataka niseme kidogo kuhusu "sita" maana ni neno lenye vituko, wanafunzi linawatesa.

Kwanza kuna sita ya namba, hii imetoka Kiarabu pamoja na saba na tisa, haina undugu wowote na kusita ya miguu kugoma. Zimekutana tu barabarani zikafanana sura. Niliwahi kutunga imla kwa makusudi "alisita saa sita" na nusu ya darasa wakaniandikia wamechanganyikiwa kabisa, mmoja kaandika "alikuwa wa sita saa sita".

Pili, na hapa ndo penye raha, iangalie "kusitisha". Kwa kanuni ya kawaida ukiongeza -isha unapata kusababisha, kulipa kulipisha, kupita kupitisha. Kwahiyo kusitisha ingetakiwa iwe kumfanya mtu asite, aone mashaka, aanze kucheza na kalamu. Lakini hakuna anayeitumia hivyo! Kusitisha ni kusimamisha, wamesitisha huduma, wamesitisha mkataba, pande mbili zimekubaliana kusitisha mapigano. Hakuna mashaka hapo, ni amri. Maana ya zamani ya kusimama ndiyo imebaki kwenye kusitisha, na kwenye kusita yenyewe maana ya moyo imepanda juu ikaifunika ile ya miguu. Sio yote lakini, bado utasikia "mvua ilisita kidogo tukatoka", na mvua haina moyo wala mashaka, imesimama tu.

Na ukirudiarudia, kusitasita, unapata mtu ambaye ameanza akasimama, ameanza akasimama. Kusita ni mara moja na kuna heshima ndani yake, mtu mwenye akili lazima asite kabla ya kushika hesabu za watu. Kusitasita kunaanza kuonesha udhaifu. Kwahiyo Katibu ukiamua kuandika upya usije ukaandika "alisitasita", utapigiwa simu ya pili.

Ndimi Mbili:

Mimi niliyesema ni jambo dogo naona nimeaibika hapa. Ila swali, kama kusita kuna heshima mbona viongozi kila siku "hatutasita kuwachukulia hatua"? Kama hutasita basi huna akili kwa maelezo ya Mwalimu 😂

Mhariri wa Usiku:

Ndimi Mbili umegusa kidonda changu. "Hatutasita" siku hizi ni kitisho tu, hakuna anayelisikia neno lenyewe ndani yake. Ukikuta "hatutasita" ujue kitenzi kinachofuata ni kuchukua hatua, kufuta, kufungia. Sijawahi kusoma taarifa inasema hatutasita kuwapandisha vyeo.

Na lile jingine, "usisite kuwasiliana nasi" chini ya kila barua. Hilo ukilisoma polepole linachekesha, mtu hata hajawaza kukuandikia wewe umeshamwona anasita. Bibi yangu angesema tu "ukiwa na neno, niambie". Mimi nikilikuta nalifuta naandika "tuandikie", neno moja linatosha.

Pwani Kavu:

Mbona hamjataja kuchelea? Hilo ndo neno langu. "Nachelea kusema". Ni kusita lakini kusita kwa adabu, mtu anajua la kusema na anataka kulisema ila anaogopa litakapoangukia. Ndani yake kuna kule kucha kwa zamani, kucha ya kuogopa na kuheshimu, ndo hiyo hiyo ya mcha Mungu. Na methali mnaijua, mchelea mwana kulia hulia yeye. Yani yule anayeona uzito kumkanya mtoto kwasababu mtoto atalia, mwisho analia mzazi.

Watu wanaichanganya na kuchelewa, naona mpaka kwenye maandishi ya watu wazima, "nachelewa kusema". Hapana jamani, huyo anachelewa basi.

Alafu ipo ile tunaijua wote, SITAKI NATAKA. Kusita kwa maonesho. Mgeni anaambiwa kaa kidogo anasema hapana naondoka, huku ameshakaa. Mtu anapendekezwa uongozi anasema "jamani mimi sifai, wapo wengine" na hotuba ya kushukuru iko mfukoni imekunjwa. Huyo hasiti, wala hana shingo upande, huyo anataka abembelezwe mara tatu ndo apokee. Nadhani mama wa Katibu aliogopa pia asije akaonekana wa kundi hili, ndo maana kajibu kwa ufupi vile.

Binti Kicheko:

Pwani Kavu ile ya hotuba mfukoni namjua mtu wake kabisa ila nachelea kusema 😂😂

Dogo Msomi:

Kwahiyo kinyume cha shingo upande ni kipi? Mtihani wetu uliuliza kinyume cha "kwa moyo mkunjufu" na mimi niliandika "kwa nguvu".

Mwalimu Chaki:

Dogo "kwa nguvu" si kinyume, hayo ni mambo mengine. Aliyefanyishwa kwa nguvu hakuwa na la kuchagua, kaburutwa, na aliyeburutwa hatuulizi shingo yake imeelekea wapi. Shingo upande inahitaji mtu awe na nafasi ya kukataa, hata kama ni nafasi finyu, na asiitumie. Iko katikati ya hiari na shuruti, na ndiyo maana ina uchungu, huna hata wa kumlaumu vizuri kwasababu miguu iliyokwenda ni yako.

Kinyume cha shingo upande ndo huo moyo mkunjufu, na kwenye mtihani ungeandika shingo upande. Na ulitazame neno lilivyoundwa, kuna kukunja na kuna kukunjua, kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Mkunjufu ni wa kukunjua. Kwahiyo asiyetaka anakunja uso na moyo, anayetaka anakunjua vyote viwili kama mtu anayetandika mkeka. Wapo pia wanaosema kwa mikono miwili, kwa roho safi, kwa roho moja. Utaona lugha yetu haikuumizi kichwa kwa maneno ya kufikirika, inakuonesha kiungo tu. Miguu mizito, mdomo mzito (asiyependa kusema), shingo upande, uso kaukunja, moyo mzito. Ila mkono wa birika usiuweke humo, huo ni wa uchoyo, watoto wangu kila mwaka wanauweka.

Mzee wa Nukta:

Na kinyongo msikisahau, hicho ndo kinachobaki wageni wakishaondoka. Mtu amesita, akakubali shingo upande, akafanya kwa kujivuta, kazi ikaisha, na bado kuna kitu kimemkaa kifuani hakitoki. Hicho ndo kinyongo. Ila si lazima kiwepo, mtu anaweza kukubali shingo upande leo, akaanza kazi, akaipenda, baada ya wiki shingo ikarudi yenyewe.

Kamusi tunazo, toka ile ya Krapf ya 1882, ikaja ya Johnson ya 1939, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) wakaja na yao 1981, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) nao wana Kamusi Kuu. Zote ninazipenda na mbili zimechanika kwa kupekuliwa. Lakini kamusi inakupa maana ya neno, haikwambii nani atanuna ukiliandika kwenye muhtasari.

Asiye na Haraka:

Mimi nimechelewa kufika ila kuna kitu naona mnakipita. Katibu aliandika muhtasari wa kikao, siyo riwaya. Kwanini uandike mtu alikubali KWA NAMNA GANI? Muhtasari unasema nani kapendekezwa, nani kaunga mkono, amekubali au amekataa, basi. Hata angekuwa kweli shingo upande, hata angelia, halihusu. Mimi nilikuwa katibu mahali miaka sita na kosa hili nililifanya mara moja tu, niliandika "mjumbe alijibu kwa jazba" na kikao kilichofuata saa nzima ilikwenda kwenye kujadili kama ilikuwa jazba au sauti yake ndivyo ilivyo. Ajenda zote zikalala.

Mhariri wa Usiku:

Asiye na Haraka umemaliza kazi niliyoizunguka kwa aya tatu.

Ndimi Mbili:

Katibu mrejesho tunausubiri, mama ulimwambia nini?

Katibu Mchovu:

Wakuu nimerudi, nilikuwa kwenye majadiliano mazito ya simu.

Baada ya kusoma yenu nikaandika upya: "Baada ya kusita kidogo, mjumbe alikubali kwa moyo mkunjufu kushika nafasi ya mhazini." Nikaona nimechukua la Mzee, la Mwalimu, nimemtunzia heshima na sijadanganya kuhusu ile dakika ya kalamu. Kabla sijawatumia wote nikampigia kwanza nikamsomea.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema "Mkunjufu toa." Nikamuuliza kwani mama haukuwa mkunjufu? Akasema "Uliuona wewe?" Nikanyamaza maana nikakumbuka maneno ya Mhariri, kama vile walikaa pamoja wakapanga. Akasema nisome tena. Nikasoma "Baada ya kusita kidogo, mjumbe alikubali". Akasema "Kusita ni kweli nilisita, wote waliona. Lakini kulikuwa kwangu, hakukuwa kwa kikao. Toa." Nikasoma kilichobaki, "Mjumbe alikubali kushika nafasi ya mhazini".

Akasema "Hapo sasa. Weka nukta."

Nimeweka nukta, nimetuma. Na kabla hajakata akaniuliza, "Wewe ukatibu ulikubalije?" Nikacheka. Ukweli ni kwamba mimi nilipendekezwa siku ambayo sikwenda kikaoni, nikakuta jina langu limeshaandikwa, nikapokea hivyo hivyo mpaka leo. Sikumjibu.